Siagi Iliyopewa Jina kwa Harufu Yake

Mpishi kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo cha hoteli, alinitumia picha ya ukurasa wa kitini chake. Ni orodha ya istilahi za jikoni, Kifaransa kushoto na Kiswahili kulia. Mbele ya beurre noisette pameandikwa "siagi iliyoungua". Mstari unaofuata, mbele ya beurre noir, pameandikwa "siagi iliyoungua sana". Chini ya picha kijana ameuliza: "Kaka, kama imeungua, mbona tunampelekea mgeni mezani?"

Swali hilo nimetembea nalo wiki kadhaa. Limekuja katika mwaka wake pia, kwa sababu Oktoba 28, 2026 inatimia miaka 180 tangu azaliwe Auguste Escoffier, mpishi aliyeyapanga majina haya mawili katika kitabu chake Le Guide culinaire cha mwaka 1903. Kitabu hicho kina mapishi yapatayo 5,000, na mpangilio wake ndio uliorithiwa na vyuo vya upishi wa hoteli duniani, vyetu vikiwemo. Siagi hizi mbili zimepewa humo mistari michache tu, lakini hakuna mahali Escoffier anaposema kwamba noisette ni siagi iliyoharibika.

Katika kuandika haya nimeegemea kitabu hicho na mtu mmoja: mzee wa Tanga, mstaafu, aliyepika hotelini na melini kwa zaidi ya miaka thelathini. Ameniomba nisiandike jina lake. Nilipomsomea tafsiri ya kitini kwenye simu alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, njoo Tanga."

Noisette ni kokwa ndogo ya mviringo, yenye ganda gumu la rangi ya mti mkavu, inayoota Ulaya na Uturuki. Hapa kwetu wengi wameionja bila kuijua, kwa sababu ndiyo inayosagwa na kakao kutengeneza ile krimu nzito ya kupaka mkate inayouzwa kwenye vikopo vya kioo. Wafaransa walipoiita siagi yao kwa jina la kokwa hiyo walikuwa na mambo mawili kichwani, rangi na harufu, na kila mpishi atakwambia kwamba harufu ndiyo iliyotangulia. Siagi ikipikwa ikafika pale inapotakiwa, hutoa harufu ya kokwa iliyokaangwa. Anayeijua harufu hiyo anaweza kuipika gizani.

Waingereza walipoichukua wakaichagulia rangi peke yake, na siku hizi wanaiita siagi ya kahawia. Wajerumani walikuwa waangalifu zaidi, maana wanayo pia siagi ya kokwa katika msamiati wao. Sisi tumelipokea jina kupitia Kiingereza, na njiani limedondosha nusu ya maana. Ajabu ni kwamba lugha yetu ilikuwa tayari kabisa kulipokea jina zima. Mswahili anapotaja rangi hukimbilia jikoni na shambani: kahawia imetoka kwenye kahawa, manjano ni bizari, zambarau ni tunda, chungwa vivyo hivyo, na rangi ya maji ya kunde kila mtu anaijua bila kuonyeshwa. Watu wenye desturi hiyo hawakuwa na sababu ya kuandika "iliyoungua".

Tatizo jingine ni kwamba hata huko kwao noisette ni neno lenye kazi nyingi. Katika bucha ni kipande kidogo cha mviringo cha nyama ya mwanakondoo. Kwenye sahani ya viazi ni viazi vilivyochongwa vikawa vigololi. Mkahawani ukiagiza noisette utaletewa kikombe kidogo cha kahawa kali iliyodondoshewa maziwa. Halafu uko mtego mkubwa kuliko yote: une noisette de beurre ni kipande cha siagi kinacholingana na kokwa, yaani kipimo, na hakihusiani na kukaanga. Geuza maneno mahali pake, upishi unabadilika. Nimeona mapishi ya Kiswahili yanayomwambia msomaji "weka siagi ya kahawia" mahali ambapo mwandishi wa kwanza alitaka kidonge tu cha siagi mbichi kumalizia mchuzi. Mpishi aliyetii maagizo hayo alipika chakula kingine.

Sasa tuingie sufuriani. Siagi halisi ya maziwa, kwa kanuni ya Ulaya, ina mafuta yasiyopungua asilimia 80, na iliyo nyingi ya Ufaransa huwa na 82. Inayobaki karibu yote ni maji, pamoja na asilimia moja hadi mbili ya protini na sukari ya maziwa. Hiyo asilimia ndogo ya mwisho ndiyo habari yote. Siagi ikiyeyuka, maji huchemka kwa nyuzi 100 na kutoa povu na kelele. Wapishi wa Kifaransa husema siagi inaimba. Maji yakiisha wimbo hupungua, joto la mafuta hupanda, na zile chembe za maziwa zilizotua chini huanza kukaangika kwenye mafuta zilimozaliwa. Protini na sukari hukutana na kuzaa harufu mpya kwa mamia. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeueleza mkutano huo mwaka 1912, na umebaki na jina lake hadi leo. Ni uleule unaotokea kwenye ukoko wa mkate, kwenye nyama ya kuchoma na kwenye kahawa kikaangoni.

Kutoka harufu ya kokwa hadi moshi ni sekunde chache. Ndani ya sekunde hizo ndimo inamokaa beurre noir, siagi nyeusi, ambayo kwa kweli haipaswi kuwa nyeusi. Ni ya hudhurungi iliyokolea, inayoondolewa motoni pale tu moshi unapoanza kujitokeza, ikatiwa majani ya kitimiri, kisha siki kidogo na mara nyingi vichipukizi vya kepa. Ukali wa siki hukutana na uchungu mdogo wa siagi. Zamani ilimwagwa juu ya taa, yule samaki bapa wa baharini, na juu ya ubongo wa ndama. Mfaransa akipigwa ngumi usoni husemwa kwamba ana jicho la siagi nyeusi, na ukiitazama sahani ya taa utaelewa walikoitoa picha hiyo.

Kabla ya Escoffier historia ni ndefu, nami nitaipita haraka. Ufaransa ya kale iligawanyika kwa mafuta: kaskazini siagi, kusini zeituni. Kanisa lilikataza siagi wakati wa Kwaresima, jambo jepesi kwa mtu wa Nice mwenye mizeituni mlangoni na zito kwa mtu wa Normandy ambaye mali yake ni ng'ombe. Waliotaka ruhusa waliilipia. Mjini Rouen kanisa kuu lina mnara uitwao hadi leo Mnara wa Siagi, ulioanza kujengwa mwaka 1485 na kukamilika mwanzoni mwa karne ya 16, na mapokeo ya mji yanasema sadaka za walaji siagi ndizo zilizoupandisha. Martin Luther mwenyewe alilalamikia biashara hiyo ya ruhusa mwaka 1520.

Siagi ikaingia jikoni kwa wakubwa. Katika karne ya 17, enzi ya La Varenne na kitabu chake Le Cuisinier françois cha 1651, unga uliokaangwa kwenye mafuta ulianza kuchukua nafasi ya mkate uliopondwa katika kuutia mchuzi uzito. Kila mwanafunzi wa upishi leo anajua roux, ule mchanganyiko wa unga na mafuta unaoanzisha mchuzi. Wachache wanajua kwamba neno lenyewe ni ufupisho wa beurre roux, siagi iliyokaangwa ikapata wekundu. Yaani chini ya kila mchuzi mzito wa hoteli limelala jina la siagi yetu, nusu yake ikiwa imekatwa.

Escoffier alizaliwa Villeneuve-Loubet, karibu na Nice, mtoto wa mhunzi. Akiwa na miaka 13 alipelekwa kwenye mkahawa wa baba yake mdogo mjini Nice kujifunza kazi. Alikuwa mtu wa upande wa zeituni, na bado ndiye aliyeipa siagi ya kaskazini daftari lake la kudumu. Noisette humo inamwagwa ikiwa bado inatoa povu juu ya samaki aliyepakwa unga na kukaangwa, pamoja na maji ya limau na kitimiri, mtindo uitwao meunière, wa mke wa msagishaji, kwa sababu ya ule unga. Ukiongeza kepa na vipande vya limau unapata mtindo wa Grenoble. Ukikaangia humo chembe za mkate na kumwaga juu ya koliflawa unapata mtindo wa Poland. Waokaji nao walikuwa na lao. Inasimuliwa kwamba karibu na Soko la Hisa la Paris, mwishoni mwa karne ya 19, mwokaji aitwaye Lasne aliuza vikeki vya lozi, ute wa yai na siagi ya kokwa vyenye umbo la mche wa dhahabu, ili mtu wa fedha ale akiwa amesimama bila kuchafua vidole. Vinaitwa financier mpaka leo.

Lakini kisa ambacho mzee wa Tanga alinitaka nikiandike kwa kirefu ni kingine, nami nakubaliana naye, kwa sababu kinatugusa kwenye meza zetu za asubuhi.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 siagi ilikuwa ghali Ufaransa. Miji ilijaa wafanyakazi wa viwanda, na jeshi la majini lilihitaji mafuta yasiyochacha upesi. Mfalme Napoleon III akataka ipatikane badala ya siagi, ya bei nafuu. Mkemia Hippolyte Mège-Mouriès, mzaliwa wa Draguignan mwaka 1817, alifanya majaribio kwenye shamba la kifalme la Vincennes, kando ya Paris. Inasemekana aliona kwamba ng'ombe aliyenyimwa chakula hukonda, lakini maziwa yake bado yana mafuta, naye akahitimisha kwamba mafuta ya maziwa hutoka kwenye mafuta ya mwili. Basi kwa nini asimfuate ng'ombe njia fupi? Alichukua shahamu ya ng'ombe wa machinjioni, akaiyeyusha kwa moto mdogo, akaikamua akapata sehemu laini, akaikoroga na maziwa na maji hadi ikafanana na siagi. Julai 15, 1869 alipata hataza. Kitu chake kikapewa jina lililotokana na neno la Kigiriki la lulu, ambalo mkemia Chevreul alikuwa ameshalitumia kwa asidi aliyodhani ameigundua ndani ya mafuta. Ndiyo majarini.

Mwaka uliofuata vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Escoffier alikuwa mpishi wa makao makuu ya jeshi la Rhine, lililozingirwa mjini Metz. Huko alipika nyama ya farasi kwa kila namna aliyoijua. Jeshi lilijisalimisha Oktoba 27, 1870, na kesho yake kijana huyo alitimiza miaka 24 akiwa miongoni mwa walioshindwa. Mège-Mouriès naye vita vilimvurugia kiwanda. Mwaka 1871 ujuzi wake ukauzwa kwa familia ya Jurgens, wafanyabiashara wa siagi wa mji mdogo wa Oss, Uholanzi. Mwenyewe alikufa mwaka 1880, bila kuonja utajiri wa kitu alichokianzisha.

Waholanzi walikichukua kitu hicho wakakikuza kupita alivyowaza mfalme yeyote. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Baraza la afya la Paris lilikuwa limeruhusu mwaka 1872 mafuta hayo yauzwe, kwa sharti moja: yasiitwe siagi. Sharti lilikuwa dogo kwenye karatasi na kubwa sokoni. Wachuuzi walichanganya majarini na siagi, wakaitia rangi ya manjano, wakaipanga kwenye mabonge yaleyale yenye chapa zilezile. Wakulima wa Normandy na Brittany, ambao siagi yao ilivuka bahari kwenda Uingereza, waliona jina lao linachafuliwa. Bunge likatunga sheria Machi 14, 1887 ikakataza majarini kuuzwa kwa jina la siagi. Haikutosha. Aprili 16, 1897 ikaja nyingine kali zaidi, ikapiga marufuku kuitia majarini rangi ili ifanane na siagi, na kuweka wakaguzi viwandani.

Mwanasheria anaweza kuusoma ugomvi huo kama suala la ushuru na wakulima. Mpishi anausoma kwa kikaango. Mama wa nyumbani wa karne ya 19 hakuwa na maabara, lakini alikuwa na moto. Mafuta ya hila yakiyeyushwa yaliruka na kutapika maji, kisha yakabaki yamekodoa macho. Siagi ilitoa povu jepesi, ikaimba, ikageuka rangi, ikanukia kokwa. Harufu ile ikawa ushahidi. Watengenezaji walilijua hilo vyema, ndiyo maana Wajerumani walianza kutia kiini cha yai kwenye majarini ili nayo itoe povu na kubadilika rangi kikaangoni kama siagi. Fikiria jambo hilo: viwanda vikubwa, wakemia na mitaji yao, vyote vikihangaika kuiiga rangi ya zile chembe za maziwa.

Serikali ya Ujerumani ilijibu kwa njia ya ajabu. Sheria yake ya mwaka huohuo wa 1897 iliwalazimisha watengenezaji wa majarini kutia mafuta ya ufuta ndani yake, kwa kuwa ufuta hujitambulisha upesi kwa kipimo cha kemia kinachotoa rangi nyekundu. Mkaguzi akikuta wekundu ndani ya "siagi", mwizi amekamatwa. Msomaji wa pwani asiuone ufuta huu kama mgeni. Meli za Marseille zilikuwa zikipakia ufuta Unguja na pwani ya Lamu tangu miaka ya 1840, baada ya Ufaransa kutia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1844, ukakamuliwe mafuta huko Ulaya.

Ufuatilie mwisho wa kamba. Mjini Oss walikuwapo washindani wa Jurgens, familia ya Van den Bergh, ambao baadaye walihamia Rotterdam na mwaka 1923 wakatoa chapa ya Blue Band. Familia hizo mbili ziliungana mwaka 1927, na kufikia 1930 zikawa zimeungana na Lever wa Uingereza kuunda Unilever. Unilever ikaja Nairobi kupitia East Africa Industries, na kopo la Blue Band likaingia kwenye maduka ya Mombasa, Tanga, Mwanza na Kampala. Njia ni moja, isiyokatika, kutoka shamba la Vincennes hadi kipande cha mkate cha mtoto wa shule.

Kopo lenyewe halikuandikwa siagi. Sisi wenyewe ndio tuliolibandika jina la siagi. Nenda dukani mtaani uombe siagi uone utapewa nini. Kile ambacho Wafaransa walikipiga vita bungeni mara mbili katika miaka kama kumi, kwetu kimetokea bila hata mjadala, na samli nayo iko njiani kwa sababu mafuta ya mimea yaliyogandishwa yanaitwa samli katika nyumba nyingi. Naliona jambo hili kuwa hasara, tena hasara ya maarifa. Mwanafunzi wa kitini kile alipojaribu zoezi la beurre noisette chuoni, yeye na wenzake walipewa majarini. Ilichemka, ikaruka, ikakaa kimya, ikabaki njano. Wakaongeza moto. Mwishowe ilitoa moshi na uvundo, na mwalimu akasema hiyo ndiyo siagi iliyoungua. Hakukosea katika alichokiona. Kikaangoni mwake kitu kiliungua kweli, ila siagi haikuwamo.

Uchungu wangu unaongezeka nikikumbuka kwamba pwani hii ilijua siagi ya moto zamani. Kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja siagi iliyosafishwa miongoni mwa shehena kutoka India kuja kwenye bandari za Pembe ya Afrika. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli. Neno samli tumelitoa kwenye samn ya Kiarabu. Anayetengeneza samli nyumbani hupita njia ileile ya mpishi wa Paris: povu, kelele, kimya, mashapo kutua na kupata rangi. Tofauti ni wanapoagana. Sisi tunachuja, tunabaki na mafuta safi yanayokaa miezi, na mashapo tunayaacha chini ya sufuria. Mfaransa anayataka hayohayo mashapo, na siagi yake huliwa papo hapo. Ni ndugu wawili waliogawana urithi wa mama mmoja.

Baada ya Escoffier, aliyefariki Monte Carlo Februari 12, 1935, siagi ya kokwa iliendelea kwa sifa za watu wengine. Novemba 1948 Mmarekani Julia Child, akiwa ndiyo kwanza ametua Ufaransa, alikula samaki wa meunière kwenye mkahawa wa La Couronne mjini Rouen, si mbali na ule Mnara wa Siagi, na mlo huo ndio aliosema ulimfungua macho. Miaka ya 1970 wapishi wapya waliikimbia michuzi mizito. Ugonjwa wa ng'ombe wazimu uliotikisa Ulaya mwaka 1996 ukaondoa ubongo wa ng'ombe wakubwa mezani, na pamoja nao ikafifia ile sahani mashuhuri ya ubongo na siagi nyeusi. Kati ya mwaka 2016 na 2017 bei ya siagi ilipanda kutoka kama euro 2,500 kwa tani hadi karibu 7,000, na rafu za maduka ya Ufaransa zikawa tupu. Siku hizi Wamarekani wanaitia siagi ya kokwa kwenye biskuti.

Nilifika Tanga Jumamosi, saa nne asubuhi. Mzee alinipokea barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na siagi?"

Nilikuwa nayo, nusu kilo ya siagi ya maziwa kutoka Dar es Salaam, imefungwa kwa magazeti ndani ya kikapu cha barafu. Aliisoma karatasi yake kwanza, herufi kwa herufi, akiwa ameisogeza mbali na macho. Aliporidhika tuliingia jikoni. Alichagua kikaango cheupe kwa ndani, akinieleza kwamba kwenye kikaango cheusi rangi hujificha na mtu huja kuigundua akiwa amechelewa. Pembeni akaweka bakuli la bati, tupu, baridi.

Nilimuuliza wao kazini waliiitaje kwa Kiswahili.

"Tuliita nwazeti, kama tulivyosikia kwa wakubwa. Hakuna aliyetuambia maana yake. Nilikuja kuijua siku moja melini, nilipopewa kokwa zenyewe nizikaange kwa ajili ya keki. Nikanusa, nikasema kumbe! Miaka yote ile nilikuwa naita harufu bila kujua kwamba naita harufu."

"Na sasa ungeiitaje?"

Hakujibu. Siagi ilikuwa imeyeyuka na kelele zimeanza, kama mvua ndogo juu ya bati. Povu likapanda jeupe, likatanda. Alikitikisa kikaango kwa kifundo cha mkono tu. Baada ya dakika chache mvua ile ikapungua, yakabaki matone, kisha kimya.

"Imenyamaza. Sasa fumba macho."

Nikafumba. Nimekulia Mtwara, nimepita msimu baada ya msimu kando ya majiko ya mawe ambapo kina mama hukaanga korosho, na sikuwahi kufikiri kwamba harufu ile ingeweza kunifuata hadi jikoni Tanga ikitokea kwenye maziwa ya ng'ombe.

"Korosho," nikasema.

Nilipofumbua macho alikuwa ameshaimwaga kwenye bakuli la bati ili isiendelee kuiva. Chini ya mafuta ya rangi ya asali zilitulia chembe ndogo za hudhurungi. Akakamulia ndimu, ikachachatika, akaimwaga yote juu ya changu aliyekuwa amekwisha kumkaanga. Nikachukua simu nikampigia picha yule kijana wa kitini. Mzee akaniomba niisubirishe kidogo, akachovya kipande cha mkate kwenye mashapo yaliyobaki bakulini, akanipa mimi kwanza.

"Mwandikie siagi ya korosho," alisema. "Mwenyewe ataelewa aizime lini."